Siku Nne za Kunyamaza

"Neno moja tu," alisema Radi nje ya mlango. "Sema ndiyo, nabaki. Ukinyamaza, nimeelewa."

Hapo ndipo sura iliyopita ilipotuacha tumeshika pumzi, msomaji, wiki nzima, sikio limebandikwa kwenye ubao wa mlango. Sasa banduka, nikwambie alijibiwa nini.

Hakujibiwa kitu.

Zumari alikuwa ndani, hatua mbili kutoka kwenye kitasa, ngumi ameiuma kwa meno. Machozi yalimshuka kimyakimya, maana hata kulia alikuwa amewekewa masharti. Daktari wa koo alimwambia hivi: mshipa mdogo umevuja damu kwenye uzi wa sauti. Siku kumi na nne, hakuna kusema. Hakuna kunong'ona, kwa kuwa kunong'ona kunaumiza kuliko kusema. Ukitaka kulia, lia kwa macho tu. Na ukiimba kabla ya siku hizo kwisha, usije kwangu tena, nenda katafute kazi nyingine.

Leo ilikuwa siku ya kumi. Zimebaki nne.

Radi, mpenzi wake na mwimbaji mwenzake, hakujua. Hakuna aliyejua, isipokuwa daktari na Mama Pindo, mshonaji wa mavazi, mjane mcha Mungu ambaye Zumari alimwapisha mkono ukiwa juu ya Kitabu. Waimbaji wa opera ni watu wa jukwaa ambao hawasemi mchezo wao, wanauimba toka mwanzo hadi mwisho. Ikisikika mara moja tu kwamba koo la fulani limevuja damu, hakuna jumba litakalomwita tena. Atabaki kuitwa "yule aliyekuwa".

Kwa hiyo Zumari aliwadanganya wote kwa maandishi. Kwenye filamu wanayoipiga, mwanamke amemkasirikia mpenzi wake na hasemi naye mpaka wimbo wa mwisho. Zumari akaandika: *Na mimi sitasema na mtu mpaka wimbo wa mwisho, ili hasira yake iniingie.* Mwongozaji wa filamu, Bwana Kata, alipiga makofi. "Huyo ndiye msanii! Wengine igeni!"

Na Mama Pindo je, si alikuwamo chumbani? Alikuwamo. Alikuwa amepiga magoti kwenye upindo wa gauni la Zumari, na mdomoni ameshika pini kumi na moja.

Kwa hiyo mmoja amekatazwa, na mwingine amejaa pini.

"Sawa," alisema Radi. Kitu kidogo kiligonga sakafu. Nyayo zikaanza kuondoka.

Mama Pindo alitema pini kiganjani, moja ikamchoma ulimi. Zumari alinyakua kibao chake cha chaki, akaandika NDIYO, herufi kubwa za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Akarukia kitasa.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Mama Pindo aliufunga mwenyewe asubuhi, mtu asije akaingia ghafla na kumsemesha mgonjwa. Akajipapasa mfuko wa aproni. Hamna. Kwenye kopo la vifungo. Hamna. Chini ya pasi. Hamna.

"Ewe Mola wangu, nimeuweka wapi, nimeuweka wapi!"

Zumari alimshika shingoni, akamgeuza. Ufunguo ulikuwa unaning'inia hapo hapo, umefungwa pamoja na futi ya kushonea, mahali alipouweka ili usipotee.

Walipofungua, ukumbini hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na pete. Si ile ya bati ya kwenye filamu. Pete ya kweli, imeviringishwa kwenye kipande cha karatasi ya muziki.

Zumari alikimbia. Kibao amekikumbatia kifuani kama mtoto, gauni limejaa pini, ngazi anazishuka mbili mbili mpaka uani, ambako mafundi seremala sita walikuwa wanagongelea misumari kwenye ukuta wa mbao. Radi alikuwa upande wa pili wa ua, amempa mgongo, anazungumza na Bwana Kata.

Angeita tu! Jina moja, sauti moja, naye angegeuka. Alifungua mdomo. Akaufunga.

Akapiga makofi. Akapiga teke ndoo ya rangi. Mafundi wote sita wakageuka, kila mtu uani akageuka, isipokuwa yule mmoja.

Akavua kiatu, akakirusha.

Kilimpata Bwana Kata begani.

"Nani huyo!"

Radi akageuka. Alimwona Zumari amesimama mguu mmoja peku, anahema. Zumari akanyanyua kibao juu kwa mikono miwili, ili asome neno lake.

Msomaji, chaki ni vumbi. Ngazi zote zile alikuwa amekibana kile kibao kifuani. Neno lilikuwa limehamia kwenye gauni, limekuwa doa jeupe. Kibao kilikuwa kitupu.

Radi alikitazama kile kibao kitupu.

"Mpaka kibaoni hana la kuniambia," alisema. Akaingia ndani.

Zumari alitaka kumfuata, Bwana Kata akamshika mkono.

"Unakwenda wapi? Tena na kiatu kimoja? Sikia. Mwenzio ameitwa na jumba la ng'ambo, wanamtaka kesho. Alikuwa anawazungusha, leo amekubali. Jioni anapanda ndege. Kwa hiyo wimbo wa mwisho hatusubiri siku nne, tunaupiga leo saa tisa. Na unajua masharti yangu, sauti ni ya hapo hapo. Filamu yangu haina sauti ya kubandika baadaye kama kiraka."

Zumari akatikisa kichwa. Hapana, hapana.

"Hasira hiyo hiyo!" alisema Bwana Kata. "Itunze. Usipoweza, yupo mwenzako tayari."

Mwenzako huyo ni Kasuku, mwimbaji wa akiba, ambaye anaujua wimbo wote wa Zumari na gauni lake analo la pili, limeshonwa na Mama Pindo huyo huyo. Alikuwa ameegemea nguzo.

"Pole dada," alisema. "Ukichoka, mimi nipo."

Saa sita na nusu, Mama Pindo aligonga mlango wa Radi akiwa na koti la jukwaani mkononi na barua ya Zumari mfukoni. Radi alikuwa anakunja mashati. Anayakunja vibaya, mikono nje.

"Lete nikukunjie, mwanangu."

"Acha, Mama."

"Nimekuletea barua."

"Ya nani?"

"Unajua ya nani."

Radi hakuipokea. "Tumekaa jengo moja siku kumi. Chumba chake na changu ni hatua ishirini, nimezihesabu. Halafu ananiandikia barua? Mimi nilimpenda kwa sauti yake, Mama. Hata sura yake sikuiona siku ile ya kwanza, nilikuwa nyuma ya pazia. Ana jambo, anitamkie."

"Amesema ndiyo, baba."

Shati likamponyoka. "Amesema?"

Mama Pindo akainama, akaliokota shati.

"Umemsikia kwa masikio yako akisema?"

Mwanamke mwingine angesema ndiyo, mambo yakaisha. Lakini huyu alikuwa hajawahi kusema uongo tangu aolewe, na mume wake alishalala kaburini miaka saba bila kuusikia.

"Hapana," alijibu. "Hakusema. Ameandika."

"Kama alivyoandika pale uani."

"Chaki ilifutika!"

"Mama Pindo, nikuulize jambo, na wewe husemi uongo. Kuna mtu anakuja na gari jeupe. Ana mfuko mweusi. Anapitia mlango wa nyuma. Anakuja au haji?"

Koti likaanza kuwa zito mkononi mwa Mama Pindo.

"Anakuja."

"Anaingia chumbani kwa Zumari?"

"Anaingia."

"Mlango unafungwa?"

"Unafungwa."

"Nani anaufunga?"

"Mimi," alisema Mama Pindo, na sauti yake ikawa ndogo kama tundu la sindano.

Radi alicheka, kicheko cha mtu aliyekanyaga moto. "Basi niambie ni nani, niondoke nikijua."

"Siwezi. Nimeapa."

"Umeapa nini?"

"Nikikwambia nilichoapa, si nitakuwa nimekivunja?"

"Asante. Umeniambia yote." Akachukua koti, akamfungulia Mama Pindo mlango atoke. "Nitaimba leo kwa heshima ya kazi. Baada ya hapo, asinione."

Mama Pindo alisimama ukumbini, barua bado mfukoni. Alikuwa amekwenda kuzima moto, na amerudi amemwaga mafuta.

Chumbani alimkuta Zumari mbele ya kioo, amejivua kitambaa cha joto alichofungwa shingoni na daktari. Kimekunjwa vizuri, kimewekwa pembeni kama nguo ya mtu aliyesafiri. Kibao kilikuwa mezani.

NITAIMBA.

"Hutaimba!"

Zumari akagonga lile neno kwa kidole.

"Mwanangu, nisikilize. Sauti ni amana. Mungu ndiye aliyekupa, si wewe uliyejishonea. Utaitupa kwa ajili ya mwanamume mwenye masikio mazito? Nenda kwa Bwana Kata umwambie ukweli. Siku nne tu!"

Zumari akafuta, akaandika: ATAMPA KASUKU. NA RADI ATAKUWA AMEKWENDA.

"Aende! Wapo wengine."

Zumari alimtazama. Akafuta tena, taratibu safari hii, kona hadi kona.

NAYE NI AMANA.

Mama Pindo aliokota pini zake. Alipiga magoti, akamaliza upindo, kwa sababu upindo lazima umalizwe hata siku ya mwisho wa dunia. Lakini mikono yake, ambayo kwa miaka thelathini haikuwahi kupinda mshono, ilipinda.

Alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mlinzi wa lango la nyuma.

"Mpigie yule mwenye gari jeupe. Mwambie aje sasa hivi."

"Siku yake si kesho, Mama?"

"Mwambie kesho imekuja leo."

Saa tisa kamili taa ziliwashwa. Jumba la opera walimopigia filamu lina viti vyekundu mia nane, vyote vitupu, na katikati yake kamera tatu juu ya reli. Shimoni mbele ya jukwaa, okestra. Juu ya vichwa vya waimbaji, mikrofoni imening'inia kwenye fimbo ndefu kama nyuki mkubwa anayesubiri.

Mama Pindo alisimama pembeni, nyuma ya pazia, na kasha lake la pini. Kasuku alisimama karibu yake, amevaa lile gauni la pili, midomo inacheza bila sauti. Anaimba mwenyewe kimoyomoyo.

"Mama, mbona unatetemeka?"

"Baridi."

"Chini ya taa hizi?"

Mama Pindo alilikumbatia kasha lake. Moyoni alikuwa anamtazama marehemu mumewe. Yule naye alimwapisha, jioni moja ya kawaida, mkono kifuani: *Usimwambie mtu kwamba pananiuma hapa, watanipunguza kazini.* Naye akaapa, akatunza siri vizuri sana. Aliitunza asubuhi, aliitunza mchana, akaitunza mpaka siku wanaume wanne walipombeba. Watu walimsifu msibani kwamba ni mke mwenye kifua. Hakuna aliyejua ni sifa gani wanampa.

"Kimya!" aliita Bwana Kata. "Tunapiga mara moja. Anza!"

Fidla zikaingia, chini chini.

Radi alitembea hadi katikati ya jukwaa, akaimba. Na alivyoimba! Wapiga okestra waliomzoea walinyanyua macho. Hakuwa anaigiza. Yale maneno ya kwenye karatasi alikuwa anayatoa mbavuni.

*Nimebisha hodi mpaka mkono umechoka,*
*nijibu, hata kwa neno la kunifukuza.*

Alimtazama Zumari usoni akiimba hivyo, na kila aliyekuwa jengoni alidhani ni uigizaji wa ajabu.

Zumari alisimama wima. Pete ilikuwa kidoleni mwake, ile ya kweli. Radi hakuiona, mkono ulikuwa umefichwa kwenye mikunjo ya gauni.

Wimbo una mapigo manane ya ngoma kabla ya mwanamke kujibu. Neno lake la kwanza ni refu, linaanzia chini, linapanda mpaka juu kabisa, mahali ambapo waimbaji wengi huogopa kwenda. Neno lenyewe ni *ndiyo*.

Pigo la kwanza. La pili.

Mama Pindo alishika pazia.

La tatu. La nne. Zumari akavuta pumzi, mbavu zikafunguka, na ile mishono ya kiunoni aliyoishona Mama Pindo mwenyewe ikajaa.

"Nimeapa," alinong'ona Mama Pindo.

"Umeapa nini?" aliuliza Kasuku.

La tano. La sita.

"Mungu wangu, nilimnyamazia mmoja nikamzika. Huyu wa pili simziki. Nisamehe."

Akatupa kasha. Pini mia mbili zikamwagika jukwaani. Mama Pindo, na aproni yake, na futi yake shingoni, akaingia mbele ya kamera tatu akikimbia.

"Usiimbe! Mwanangu, usiimbe! Koo lake linavuja damu! Yule wa gari jeupe ni daktari! Daktari wa koo! Amekatazwa kusema, Radi, ndiyo maana hakukujibu!"

Lakini pigo la nane lilikuwa limeshapita.

Sauti ya Mama Pindo na sauti ya Zumari zilitoka pamoja, na ya Zumari ikaifunika ile nyingine kama shuka.

*Ndiyo.*

Ilianzia chini, ikapanda. Ilikuwa safi. Wazee wa fidla waliacha kupiga bila kuambiwa. Ilipanda viti vya chini, ikapanda vya juu, ikafika kwenye dari. Radi alifungua mikono. Amejibiwa. Mbele ya watu wote amejibiwa.

Na huko juu kabisa, ikachanika.

Mama Pindo anaujua mlio wa kitambaa kizuri kinapochanika. Si mlio mkubwa. Ni mfupi, halafu hakuna kitu.

Zumari alibaki mdomo wazi. Mdomo unaimba, shingo inaimba, lakini hakuna kinachotoka. Akashika koo kwa mkono wa kushoto, na hapo ndipo Radi alipoiona pete.

Alimwahi kabla hajafika sakafuni.

"Usiseme! Usiseme kitu! Nimesikia, mke wangu, nimesikia, funga mdomo!" Akageuka, uso umembadilika. "Mama, unasema daktari? Daktari yuko wapi?"

"Siku nne," Mama Pindo alikuwa analia kwa sauti kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa. "Zilibaki siku nne tu, na wewe hukutaka barua!"

Bwana Kata alikuwa amesimama juu ya kiti chake. Mtu aliyepewa jina kwa kupiga kelele "kata" alikuwa amesahau kukata. Kamera zilikuwa bado zinakwenda. Kisha akili ikamrudia, na ya kwanza kumrudia ilikuwa ya kazi.

"Kasuku," alisema, sauti ya chini. "Jiweke tayari."

Kasuku hakusogea. Miaka miwili aliisubiri sentensi ile, na leo alikuwa anaitazama pini iliyolala mbele ya kiatu chake.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mtu mwenye mfuko mweusi alikuja mbio katikati ya viti vitupu, koti limefungwa vifungo vibaya. Hakuuliza kitu. Alipanda jukwaani, akapiga magoti kwenye pini bila kuzijali, akatoa kurunzi na kioo kidogo chenye mpini mrefu, cha kutazamia koo.

"Fungua."

Zumari akafungua. Daktari akainamisha kioo, akamulika, akatazama. Akageuza kioo upande wa pili, akatazama tena. Akapangusa kioo kwa leso, akakirudisha, akatazama kwa mara ya tatu.

Mkono wa Zumari ulikuwa ndani ya mkono wa Radi, na vidole vyake vilikuwa vinaandika kitu kwenye kiganja chake, herufi moja moja, bila chaki.

"Daktari," alisema Radi. "Neno moja tu."

Jumba zima lilikuwa linamsubiri mtu mmoja afungue mdomo.

Daktari alimtazama Zumari, akamtazama Mama Pindo. Akazima kurunzi.

Na yeye akanyamaza.